Mshona Picha

Dada yangu haombi kitu mara mbili. Mwambie utaleta chumvi, usahau, kesho yake atakupikia chakula hakina chumvi na kukutazama unavyokila. Kwa hiyo asubuhi ile aliponifuata mpaka kwenye lori, injini inanguruma, akashika mlango na kusema, "Kaka, ukirudi, rudi na mwenzangu," nilijua hiyo si salamu. Nimeongezewa mzigo.

Mwenzake huyo ni mumewe, shemeji yangu, mshona picha. Msinicheke, ndivyo wanavyosema wenyewe kazini kwao. Wana droni, kindege kisichobeba mtu, kinarushwa juu ya mitaa na mashamba, kinapiga picha moja baada ya nyingine, kila picha imelalia ukingo wa mwenzake. Picha zote hizo, mamia kwa mamia, anakabidhiwa shemeji azishone kwenye kompyuta mpaka ziwe ramani moja, ramani ambayo mtu anaweza kupimia upana wa barabara na kina cha bonde bila kutoka kitini. Sindano hana, uzi hana, ila mgongo umeshapinda kama wa fundi cherehani.

Dada ni muuguzi. Alihamishiwa kwetu mtoto akiwa bado mchanga, akachukua vyumba viwili vya uani kwangu, na makubaliano yalikuwa mumewe afuate baada ya kumaliza ramani aliyokuwa nayo. Akaimaliza. Ikaja nyingine. Mtoto akaota meno, akasimama kwa kushika ndoo, akatembea, akaanza kutaja vitu kwa majina, na yule bwana bado anamaliza ramani. Alikuja mara moja tu, akalala siku mbili, simu yake ikaita, akaondoka.

Sasa likizo ilikuwa imesainiwa, ndefu, ya kumtosha kukaa na mtoto wazoeane na kutafuta namna ya kubaki kabisa. Dada hakuwa na hofu ya mwanamke mwingine. Angekuwa mwanamke ingekuwa afadhali, angepanda basi akamng'oe nywele. Kompyuta utaing'oa nini? Hofu yake ilikuwa moja na aliisema waziwazi: "Mtoto ameanza kushika sura za watu. Baba yake asipokuja sasa, atakuja kukuta nafasi yake imeshajaa."

Nikashusha mzigo wangu wa sabuni mjini kwao, nikaegesha lori, nikaenda kumchukua. Ofisi yao iko nyuma ya duka la vioo. Unapita ujia mwembamba mbavu umezibana, kushoto choo, kulia ngazi ya chuma inayolia kila ukiikanyaga. Chumba chake kiko juu. Dirisha lipo, lakini amelibandika maboksi mpaka juu kwa sababu mwanga ukiingia haoni kitu kwenye kioo cha kompyuta. Feni nayo ipo, mpya, nzuri. Inaipepea kompyuta. Mwenye kompyuta amekaa pembeni na shati limemganda mgongoni.

"Karibu, shemeji," akasema bila kugeuka. "Kaa hapo kwenye sanduku la betri."

"Sikuja kukaa. Begi liko wapi?"

"Chini ya meza. Nimeshapanga kila kitu. Hii ikifika mia tunaondoka."

Kwenye kioo palikuwa na mstari wa kijani unaosogea kwa hatua za konokono. Nikakaa. Nikauangalia mpaka nikasinzia, nikaamka, nikauangalia tena. Hatimaye ukafika mwisho, ramani ikafunguka, na shemeji akaguna mguno wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Juu kote ilikuwa ramani safi: paa za mabati, miti, barabara, hata nguo za watu kwenye kamba. Ila ukishuka kuelekea bondeni, mambo yalikuwa yameharibika. Barabara ilipanda ghafla kama ukuta, nyumba zimelala upande, na safu nzima ya vibanda imetumbukia kwenye shimo.

"Hiyo barabara naijua," nikasema. "Haina kilima."

"Ndiyo maana naguna," akasema. Akabonyeza, mstari wa kijani ukaanza upya.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa jela ya shemeji. Programu ile haiachwi peke yake. Umeme ukikatika, inarudi mwanzo. Ikikutana na kitu isichokipenda, inatoa swali kwenye kioo na kusubiri mtu abonyeze ndiyo au hapana, na mtu asipokuwepo itasubiri mpaka mzae mpate na wajukuu. Shemeji alikuwa anakwenda chooni mbio. Chakula alikuwa anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kipanya. Nimewahi kukwama na lori kwenye matope, najua kukwama, lakini mimi walau nilikuwa nje napigwa na upepo.

Bosi wake akaja kunisalimia. Nilijiandaa kugombana naye, nimeshapanga na maneno, akaniharibia kwa ukarimu. Alikuja na vyakula vitatu kwenye vifungashio, kimoja changu.

"Shemeji wa mtaalamu wetu ni shemeji wetu sote!" akasema, ananitikisa mkono utadhani anapampu maji. "Bila huyu ndugu yako hii ofisi ningekuwa nimeifunga. Hakuna mwingine anayeweza hii kazi, nakwambia kweli, hakuna."

"Sasa na likizo yake?"

"Si nimeshasaini? Akishatoa kazi hii, aende hata leo. Mimi nimemzuia?"

Na kweli hakuwa amemzuia. Mbuzi ukimfunga kamba atalia mtaa mzima usikie. Shemeji alifungwa kwa sifa, akasema asante. Nilimtazama akitabasamu kwa yale maneno, nikakasirika mpaka chakula kikanishinda, na kilikuwa kizuri.

Tukaanza maisha ya kusubiri. Mzigo wangu wa kurudi nao ulikuwa bado haujakamilika, kwa hiyo nilikuwa nalala kwake na mchana nakaa naye kwenye betri zake. Kila siku alikuwa na dawa mpya. Leo anatupa picha zote zenye ukungu. Kesho anaifuta programu yote na kuiweka upya. Mara anagawa picha mafungu mawili, la juu na la bondeni, anayashona mbalimbali, kisha anajaribu kuyaunganisha. Kila dawa inakula siku nzima, na kila jioni ile barabara inapanda ukuta vilevile. Alipiga simu kwa watu wa kazi hiyo huko na huko, kila mmoja akamwambia jambo lake, yote akayajaribu.

Jioni moja alimpigia dada kwa simu ya picha ili aongee na mtoto. Mtoto akatokea, pua tu na jicho moja, shemeji akaanza kumwimbia na kumwita majina ya mapenzi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Mtandao ukawa unashika na kuachia. Mtoto akachoka, akaiweka simu chini kitandani, akaenda zake kumfukuza paka. Shemeji akabaki anaongea na dari ya chumba cha dada. Aliendelea kidogo, labda akitumaini atarudi, na alipoacha hakuikata simu.

"Acha kazi," nikamwambia.

"Niende kufanya nini? Huko kwenu nani ana droni?"

"Utauza hata vioo."

"Na wewe utaacha lori ukauze vioo?"

Swali la kijinga, lakini nilishuka nikaenda kulitazama lori.

Siku aliyoligundua tatizo alikuwa ameacha kuhangaika na programu na kuanza kukagua alama. Alinieleza na nikaelewa, kwa hiyo si gumu. Kabla droni haijaruka, rubani wao, kijana wa miwani myeusi ambaye huwezi kumkuta ofisini, anapita akitandika chini vipande vya turubai, nusu cheusi nusu cheupe, anavibana kwa mawe, na kupima kila kimoja kiko wapi hasa na kimo chake ni kipi. Hizo ndizo pini za mshonaji. Programu inaambiwa: kipande kile unachokiona kwenye picha kiko mahali hapa, kimo hiki, kwa hiyo vuta ramani yako ikae sawa nacho. Shemeji alikuwa anazikuza zile picha, kipande kimoja kimoja, mpaka akafika kile cha bondeni.

"Shemeji, njoo uone maajabu."

Nikasogea. Turubai lilikuwepo, nusu jeusi nusu jeupe, vizuri kabisa. Na katikati yake palikuwa na kuku.

"Kuku anafanya nini hapo?"

"Amekaa juu ya nyumba yake," akasema.

Nilitazama tena, nikaona. Lile turubai halikuwa chini. Lilikuwa paa la banda la kuku, kwenye ua wa mtu, ng'ambo ya barabara na mbali na pale lilipopimwa. Mtu alipita akaona turubai zima limetandikwa mavumbini, halina mwenyewe, na mawingu yanajikusanya. Angefanya nini? Akalichukua, na mawe yetu pia akayachukua, akayapanga juu lisipeperuke. Yule rubani alipima asubuhi, akaenda kurusha droni baadaye, na katikati ya hapo kuku wakapata nyumba. Programu maskini ilikuwa inavuta bonde zima kwa nguvu zake zote ili banda la kuku likae katikati ya barabara.

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku zote zile, dawa zote zile, simu zote zile kwa wataalamu, kumbe kuku! Kisha nikainama, nikavuta begi chini ya meza, nikalitundika begani.

"Haya. Umeshampata mchawi. Ifute hiyo alama, zima, twende."

Yeye alikuwa ameshaacha kucheka. "Nikiifuta, huku chini sina nyingine," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa inashika bonde."

Akanieleza kwa upole, na upole wake uliniudhi. Akiifuta, ramani itanyooka na itapendeza, lakini vimo vya kule bondeni vitakuwa vya kubahatisha. Na ramani ile ilikuwa ya kuchimbia mtaro wa maji ya mvua. Maji ya mlima wote yatapelekwa kwa kufuata vimo vile. Vikikosea kimo cha goti tu, mtaro utayamwaga kwenye vile vibanda badala ya kuyapitisha pembeni. Pale palipopimwa hapaonekani kwenye picha, ni vumbi tupu, kwa hiyo dawa ilikuwa moja: kutandika upya, kupima upya, kurusha upya. Na rubani alikuwa ameshasafiri na droni kwenye kazi nyingine ya mbali.

Bosi akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Kwani haiwezi kurekebishwa humuhumu?" akauliza. "Sikulazimishi. Wewe ndiye mtaalamu. Ukinipa leo, leo unaondoka."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Kumbe hilo nalo lina jina lake katika kazi yao: kupika. Unaandika namba ya kubuni kwenye nafasi ya ile alama, namba ya kuifurahisha programu, na ripoti inatoka haina doa. Shemeji alisogeza kiti. Akaandika namba. Kuvuta ramani ikae kwenye alama ndiyo hatua ya mwisho kabisa ya kushona, haikuhitaji siku nzima, na muda si muda ramani ikanyooka mbele ya macho yetu. Barabara ikalala chini. Vibanda vikatoka shimoni, vikapanga mstari vizuri. Sijawahi kuona kitu kizuri vile kwenye kompyuta.

"Mpe," nikasema. "Mpe bosi, twende nyumbani."

Aliikuza mpaka vibanda vya bondeni vikajaa kioo kizima. Kisha akashika kipanya, akaifuta ile namba, na barabara ikapanda ukuta wake.

"Maji hayasomi ripoti, shemeji," akasema.

Nilimtukana. Nilimtukana tusi la barabarani, lile tunalowapa wanaotupita kwenye kona. Na nikaongeza neno baya kuliko tusi: "Watoto wa bondeni unawajua kuliko wa kwako."

Alikiona kipanya kimeteleza kidogo, akakirudisha mahali pake, akaanza kuandika barua ya kuomba droni irudishwe. Nilitaka kumwomba radhi, badala yake nikaliweka begi chini.

Bosi hakukasirika hata kidogo. "Umefanya vizuri sana," akamwambia. "Ndiyo maana nakutegemea. Basi likizo tuisogeze mbele mpaka rubani arudi." Akaenda akaifuta saini yake kwa roho safi.

Mzigo wangu ukakamilika, mwenye lori akaanza kunipigia kelele kwenye simu, nikaondoka peke yangu. Nilipofika nyumbani dada alitoka mpaka kwenye lori. Alitazama kiti cha pembeni, akanitazama mimi. Nilianza kumweleza habari za kuku, nikidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole na safari," akarudi ndani.

Rubani alichelewa. Aliporudi mvua zilikuwa zimeanza, na droni hairuki kwenye mvua. Zilipokatika wakatandika upya, safari hii waliweka mtu wa kulinda kila turubai, wakarusha, shemeji akaanza kushona kutoka mwanzo. Sisi huku tulikuwa tunapata habari vipandevipande, maana dada alikuwa ameacha kuuliza lini. Mtoto naye hakutusubiri. Maneno yalimjia kwa kasi, mafungu mafungu, na mama yake akamfundisha adabu mapema kama sisi tulivyofundishwa: mtu mzima akiingia uani, unaacha mchezo, unamwendea, unamwamkia vizuri. Wageni wangu madereva walikuwa wanamsifu sana.

Basi shemeji akaja. Hakutuambia, nadhani aliogopa kuahidi tena. Ilikuwa mchana, mimi niko chini ya lori natia grisi, mtoto yuko kando ya gurudumu ananipangia spana zangu. Nikaona viatu vya vumbi vimesimama getini, nikaona begi linawekwa chini. Nikatoa kichwa. Alikuwa amekonda, amevaa shati lake la kutokea, nywele amezikata siku hiyohiyo. Dada akatoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja.

Nadhani sote watatu tulitaka mtoto ajue mwenyewe. Shemeji alichuchumaa, akafungua mikono kidogo, si yote, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Mtoto alimtazama, akalitazama begi. Akaweka spana chini, akafuta mikono kwenye gauni, akamwendea hatua kwa hatua mpaka akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

Aliitamka vizuri sana, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Mimi, mjomba mwenyewe, nilitamani nirudi chini ya lori nisitoke tena. Lakini shikamoo ya mtoto haiachwi hewani.

"Marahaba, mama," shemeji akasema. Akajaribu kucheka, akaligeuza kuwa mchezo. "Baba yuko wapi?"

"Baba yuko kazini," mtoto akamwambia. "Akimaliza atakuja. Karibu ukae."